Picha ya Mama Mdogo Ndani ya Shabu

Juzi mjukuu wangu alijikata kidevuni akinyoa ndevu, nikamtuma dukani akaninunulie shabu. Alirudi nayo kwenye kikaratasi, kipande cheupe kinachong'aa kama sukari ya mawe, akaniuliza kama ni ya kula. Vijana wa siku hizi! Nikakilowesha, nikamsugua pale palipochanika, damu ikakatika. Kabla sijakifunga tena, sijui nini kilinituma, nikakigusisha ulimi. Ule ukakasi ukanivuta mashavu ndani, na papo hapo nikajikuta nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, uani kwetu Bagamoyo, mtoto wa miaka sita au saba, natazama jiwe likifura motoni. Mjukuu wangu akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni ukali wa shabu.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani shabu haikukosekana nyumbani. Akina mama waliikoroga kwenye maji ya kisima yaliyochafuka, tope likazama chini. Ilitibu vidonda vya mdomo na kikwapa cha jasho. Na ilikuwa na kazi yake nyingine, ile ambayo siku hizi tunaisema kwa sauti ya chini mbele ya wajukuu waliosoma. Mtoto akiugua ghafla, kipande cha shabu kilizungushwa juu ya kichwa chake, kikatiwa motoni. Kikifura, watu wazima waliinama kukitazama, maana iliaminika kwamba kinachukua umbo la yule aliyemtia mtoto kijicho.

Nyumbani tulikuwa wachache. Baba alinunua mbata Kerege na vijiji vya huko, akawa anakaa siku nyingi njiani. Tulibaki na Mama, na Bibi mzaa baba, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili lakini ulimi wake unaona kila kitu. Kulikuwa na mdogo wangu Hamadi, kitoto cha kunyonya. Na kulikuwa na Mama Mdogo Zuhura.

Zuhura alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja. Aliolewa kwao Saadani, akaachwa kwa sababu hakushika mimba, na Hamadi alipozaliwa akaja kumsaidia dada yake arubaini. Arubaini ikaisha, naye akabaki. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mikono yake inanuka karafuu, na alikuwa na kawaida ya kuniita "bibi harusi" mpaka nikaamini kwamba kweli mimi ni mzuri. Aliyemwosha Hamadi ni yeye, aliyembeba ni yeye, aliyemlaza kifuani ni yeye. Siku moja mtoto akatamka neno lake la kwanza, "Ma," huku amemkodolea macho Zuhura. Sote tukacheka. Mama alikuwa akitwanga. Nakumbuka mchi ulisimama hewani kidogo kabla haujashuka.

Haikupita muda Hamadi akashikwa na homa. Alikataa ziwa, akalia mpaka sauti ikakauka, na Mama akimchukua anajipinda kama samaki, anamnyooshea mikono mama mdogo. Dawa ya hospitali ilikuja, haikufua dafu. Baada ya sala ya alasiri Bibi akasema, "Hii si homa ya Mungu. Nileteeni shabu."

Tulikaa uani. Bibi akamzungushia Hamadi kipande kile kichwani, midomo yake ikisoma kuliaudhu, kisha akakiweka juu ya kigae kwenye makaa. Mimi nilikuwa kwenye kinu changu, sikufukuzwa. Kwanza hakikufanya kitu. Halafu, Mungu ni shahidi, jiwe likalia. Lilitoa sauti ya kuchemka, likalegea, likaanza kufura. Jiwe kavu, gumu, lililotoka dukani kwa Mhindi, likapanda juu jeupe, likatoa kichwa, likatoa bega, likajikunja. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimewahi kuona unga ukifura na mzoga wa mbwa ukifura, lakini jiwe sijapata kuliona hata siku moja. Nikajua humo ndani mna mtu.

"Mnaona nini?" aliuliza Bibi.

Mama akasogea, akainama, akakaa vile kwa muda.

"Naona mwanamke," alisema. "Ameinama."

"Ameinama juu ya nini?"

"Kama juu ya mtoto."

Zuhura alikuwa amekaa mkekani, Hamadi amelala mapajani mwake, naye amemwinamia anamfuta jasho. Hata mimi, na utoto wangu, niligeuza macho kutoka kwenye kigae hadi kwake na kurudi kwenye kigae. Bega lilikuwa lile lile. Mama Mdogo aliinua uso akatukuta sote tunamtazama.

"Dada?" alisema.

Mama akanyoosha mikono, akamchukua mtoto.

Kesho yake asubuhi Zuhura alifunga nguo zake kwenye kanga. Hakugombana na mtu wala hakuapa. Bibi alimwambia maneno ya upole ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nayaona mabaya kuliko matusi: kwamba si kosa lake, mwanamke asiyezaa jicho lake hujiendea lenyewe bila yeye kulituma, kwa hiyo ni heri akae mbali na mtoto. Nilimfuata hadi barabarani, nikashika ncha ya kanga yake. Akanibandua vidole kimoja kimoja. "Bibi harusi, rudi nyumbani," alisema, akapanda lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu Saadani. Nilisimama pale vumbi likanijaa mdomoni. Sikuweza kufahamu mtu anawezaje kuwa wetu jana na leo asiwe wetu, na kilichotokea katikati ni jiwe tu kufura.

Siku chache baadaye homa ya Hamadi ikashuka, na jino likachomoza. Majirani walipokuja kumtazama Bibi aliwaambia, "Mmeona?" Nao walisema wameona. Jino hakulitaja mtu.

Sasa sikilizeni utoto ulivyo. Lile povu lililokauka Bibi aliliweka kwenye shubaka la ukutani, limefungwa kitambaa, akisubiri Baba arudi alione kabla halijatupwa baharini. Baba alirudi, akalitazama, akaguna, akasema litupwe, na akanituma mimi. Sikulitupa. Ningelitupaje? Picha tulikuwa hatuna nyumbani hata moja, na hili, kwa akili yangu, lilikuwa picha ya Mama Mdogo. Wakubwa wote walikuwa wamekubali kwamba ni yeye. Wao waliona ushahidi wa ubaya wake, mimi niliona bega lake na shingo yake alivyoiinamisha. Nililificha ndani ya kifuu cha nazi chini ya kitanda changu. Nikiamka nalisalimia, shikamoo Mama Mdogo, na ndani ya kichwa changu ananiitikia marahaba bibi harusi. Lilikuwa jepesi sana, na jambo hilo lilinitia uchungu, nikidhani kwamba huko aliko anakonda.

Masika yakaja, yakaisha. Hamadi akaanza kutambaa, kisha kusimama kwa kushika ukuta. Siku za mwanzo alikuwa akitambaa mpaka mlangoni anakaa. Halafu akaacha.

Kaka Salim ndiye aliyekuja kuvuruga mambo. Alikuwa mtoto wa marehemu baba mkubwa, analelewa na Bibi, ila alikuwa akisoma shule ya sekondari huko bara, anakuja likizo na kaptura yake ya kaki na maneno mengi. Bibi alimpenda kupita sisi sote, akimwita "mume wangu" na kumfichia vipande vya samaki. Asubuhi moja alinikuta nimepiga magoti, nasalimia kifuu.

"Unasema na nani?"

"Na Mama Mdogo," nilimjibu. Nikamsimulia yote, maana yeye aliambiwa tu kwamba Zuhura amerudi kwao.

Alilichukua lile povu, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Nilitegemea atacheka. Hakucheka, alikunja uso. "Walimfukuza kwa hili?" aliuliza. Kisha akatoka uani kutafuta makaa.

Sitasahau mchana ule. Salim aliweka kipande kipya cha shabu ndani ya kopo, kopo juu ya jiko, na juu ya kopo akashika sahani ya bati, kavu, baridi. Mama alikuwa akichambua mchele. Bibi alikuwa mkekani na tasbihi yake.

"Bibi, nipe mkono wako," alisema Salim. "Hiki ni kipande cha shabu. Kimelowa?"

"Shabu inalowa? Kikavu hiki."

"Haya."

Jiwe likalia ndani ya kopo kama lilivyolia siku ile. Salim akaigeuza sahani, akauweka mkono wa Bibi upande wa chini. Bibi akashtuka, akauondoa mkono.

"Maji," alisema. "Umelowesha sahani, mtundu wewe."

"Ifute mwenyewe, bibi. Kwa kanga yako."

Bibi akaifuta, akaikagua kwa viganja vyote viwili. Salim akarudia kwa kipande kingine. Mara hii matone yalikuwa makubwa, yanatiririka hadi ukingoni, na mimi nikayaona kwa macho yangu yakitoka kusikokuwa na maji. Nilibaki mdomo wazi. Bibi alichovya kidole, akakipeleka ulimini. Uso wake ulibadilika.

"Maji matamu," alisema polepole. "Hata ukakasi hayana. Yalikuwa wapi?"

"Humo humo. Karibu nusu ya shabu ni maji, bibi. Lakini hayakuilowesha. Yameshikana nayo. Kulowa ni kitu kimoja, kushikana ni kingine. Kila chembe ya shabu imeshika maji yake, zimejipanga safu kwa safu, ndiyo maana ni ngumu na inang'aa. Moto unazilazimisha ziachie. Maji yakitoka kwa nguvu, kilichobaki kinafura kama andazi."

"Na yule mtu?"

"Hamna mtu. Hiki nilichochoma sasa nilimzungushia nani? Mtazameni." Akakibwaga chini. Kilikuwa na umbo kama la jogoo. Cha mwanzo hakikufanana na chochote, labda mkate uliokanyagwa.

Niliona Bibi akizihesabu tasbihi bila kusoma. Nilipodhani atamkaripia Salim kwa kumvunjia heshima, akageuza uso upande alikokuwa Mama.

"Mwanangu," alisema, "macho yangu ndiyo haya, siku ile mimi sikuona kitu. Niliuliza. Aliyeniambia ni wewe. Uliona nini?"

Mama aliendelea kuchambua mchele. Vidole vyake vilikuwa vinatupa mawe na mchele pamoja.

"Niliona povu, mama."

"Povu?"

"Povu tu."

Basi ndugu zangu, nimeishi nikaona mengi, nimezika mume na mwana, lakini sidhani nimepata kushtuka kama nilivyoshtuka kwa neno lile. Miezi yote nilikuwa nimelilaumu jiwe. Nilidhani jiwe lilimwona mama mdogo vibaya, na sisi tulitii tu. Kumbe jiwe halikusema neno. Mama aliweka ungo chini, akajifunika uso kwa kanga, akazungumza humo humo ndani ya kanga. Mtoto alikuwa akimsukuma, alisema. Mtoto anaumwa, yeye anamchukua, mtoto anamsukuma anamtaka Zuhura. Anamwita Zuhura ma. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema, na akalirudia mara nyingi. Bibi hakumfariji wala hakumlaumu. Alisema tu kwamba nao mdomo wake yeye ulifanya kazi siku ile, tena kazi nyingi. Mimi nilikimbilia chini ya kitanda kushika kifuu changu.

Huko ndiko Salim alikonifuata. Alitaka anionyeshe jambo jingine, akasema nimpe lile povu. Aliponiambia atalitia kwenye maji ya moto liyeyuke nilipiga kelele nikamuuma mkono.

"Utamuua!"

"Si yeye, mdogo wangu. Umesikia mwenyewe."

Nilikuwa nimesikia. Lakini ilikuwa picha yangu. Unaweza kuambiwa kitu si kitu na bado ukawa umelala nacho chini ya kitanda masika mazima. Salim alikaa sakafuni, akanieleza taratibu kwamba chembe za shabu zikirudishiwa maji, zikipewa muda bila kusumbuliwa, zitashikana tena kwa mpango ule ule wa kwanza. Hazijui mpango mwingine.

"Na yeye atarudi?"

Alifikiri. "Shabu itarudi. Mama mdogo sijui."

Nikampa. Liliyeyuka kwa shida, na masazo mengine yalikataa kabisa tukayachuja kwa kitambaa. Tulimimina maji yale kwenye kikombe cha kahawa, Salim akafunga kipunje cha shabu kwenye uzi uliochomolewa kwenye kanga yangu, akakining'iniza humo, tukakiweka kikombe chini ya kitanda changu. Nilikatazwa kukitikisa. Kila siku nikilala kifudifudi kukichungulia, naona uzi na maji basi. Halafu kipunje kikawa na mbavu. Halafu kikawa kikubwa kama harage, kisha kama kokwa ya zambarau, na siku Salim alipokivuta nje niliogopa kukipokea. Kilikuwa kimechongoka juu na chini, kila ubavu pembetatu iliyonyooka, kinapitisha mwanga. Hakuna patasi iliyokigusa. Nilizaliwa katika mji wa mafundi wa milango, najua kuchonga ni jasho, na kitu hiki kilikuwa kimejichonga chenyewe gizani kwa kushikana tu. Nilimuuliza Salim nani amekifanya hivi. Akasema hata mwalimu wake swali hilo huwa analijibu kwa sentensi ndefu.

Baba aliporudi akasikia yote, hakupaza sauti. Alitafuta nafasi kwenye lori la chumvi. "Nenda kamchukue mdogo wako," alimwambia Mama, na ndiyo safari yangu ya kwanza Saadani. Tulivushwa mto Wami, tukapita Mkange, Hamadi mapajani mwa Mama, na mimi nimefumba kiganja kwenye kile kipande kwa kuogopa kisipasuke. Nilikuwa nimeshajua mambo yatakavyokuwa. Nitampa, atakiona kilivyong'aa, ataelewa kwamba yamekwisha, tutapanda lori sote.

Tulimkuta nyuma ya nyumba akigeuza dagaa kwenye chanja. Alikuwa amekonda, hilo nililipatia. Mama alipiga hodi kwa sauti ambayo haikutoka vizuri. Zuhura aligeuka, na jambo la kwanza macho yake yalilotafuta ni mtoto. Akajifuta mikono, akainyoosha.

"Hamadi wangu."

Hamadi alimtazama. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa lori. Kisha midomo ikamtetemeka, akapiga yowe, akaficha uso shingoni mwa Mama na kumng'ang'ania kwa mikono yote miwili. "Ma," alilia. "Ma."

Mikono ya Mama Mdogo ilibaki imenyooka pale pale. Nilimtazama Mama. Alikuwa amepata alichokitaka siku ile alipoinamia kigae, na sijawahi kuona uso wa mtu ulioumia vile. Akapiga magoti kwenye mchanga na mtoto shingoni, akasema yote, povu na mchele na kanga, bila kujitetea.

Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. "Nyanyuka, dada, mchanga wa moto," alisema. "Nimekusamehe. Ila kurudi, sirudi. Nikiingia nyumba ile, kila mtoto akikohoa nitakuwa natazama jikoni."

Hapo nikaona nifanye kazi niliyojia. Nikamwamkia shikamoo, nikafumbua kiganja. Alikipokea, akakiinua kwenye jua, akashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Nikamweleza haraka haraka kwamba hii ndiyo ile shabu yenyewe, ile iliyomsema, nilikuwa nimeificha kama picha yake, na sasa imerudi ilivyokuwa, kwa hiyo na yeye anaweza.

Alinishika kichwa. Kisha akaenda kwenye mtungi, maji ya kisima chao yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, akakishika kile kipande kwa uzi wake na kuanza kukikoroga ndani, pole pole, kuzunguka na kuzunguka. Nilimwona anaikoroga kazi yangu yote, safu zote zile zilizojipanga gizani chini ya kitanda changu, zinaachia tena.

"Usiiyeyushe!" nilimlilia. "Ndiyo picha yako!"

"Picha ya nini, bibi harusi," alisema, "na mwenyewe nipo?"

Tulikaa kivulini tukisubiri tope lizame. Maji yalipotakata alichota kikombe cha kwanza, akampa Mama.